Udongo haushibi kwa hesabu ya mifuko

Kila msimu wa kilimo unapokaribia, taarifa za mikoa na wilaya huandikwa kwa lugha moja. Husemwa kwamba tani kadhaa za mbolea zimepokelewa, tani kadhaa zimesambazwa, na wakulima kadhaa wameandikishwa. Takwimu hizo husomwa mikutanoni, hupigiwa makofi, na faili hufungwa hadi mwaka unaofuata. Ni nadra sana kuiona taarifa inayoeleza ni kiasi gani cha mbolea hiyo kilichoingia katika mmea, ni kiasi gani kilichochukuliwa na mvua, na ni kirutubisho gani ambacho hakikuwamo kabisa ndani ya mfuko. Hapo ndipo penye kasoro. Taifa linahesabu mifuko, lakini mmea hauli mfuko. Mmea unakula kile kinachofika kwenye mzizi wake, kwa kipimo chake na kwa wakati wake.

Hakuna mwenye akili timamu anayebeza mbolea. Bei zake zilipopanda mno katika soko la dunia, hasa baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, uamuzi wa Serikali wa kutoa ruzuku kuanzia msimu wa 2022/23 uliwanusuru wakulima wengi ambao wangeingia shambani mikono mitupu. Lakini ruzuku ni fedha za umma, na fedha za umma hazina budi kuulizwa zimefanya kazi gani. Mtumishi anayeridhika kwamba mfuko umefika kijijini amefanya kazi ya mchukuzi. Kazi ya mtumishi wa kilimo huanza pale kazi ya mchukuzi inapokwisha.

NJAA ILIYOFICHIKA

Mtoto wa shule hufundishwa kwamba mmea unahitaji naitrojeni, fosforasi na potasi. Hilo ni kweli, ila si ukweli wote. Mmea unahitaji pia zinki, boroni, chuma, manganizi, shaba na molibdeni. Hivi huitwa virutubisho vidogo, na jina hilo limewapotosha wengi. Udogo wake ni wa kipimo. Umuhimu wake ni uleule. Hekta moja ya mahindi inaweza kuhitaji naitrojeni kilo 100 na zaidi, wakati zinki inayotiwa katika hekta hiyo ni kilo chache tu, na molibdeni hupimwa kwa gramu. Lakini chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Likiondolewa figa dogo kuliko yote, chungu humwagika kama ambavyo kingemwagika likiondolewa kubwa. Penye upungufu wa zinki, mkulima anaweza kuongeza urea juu ya urea na asivune zaidi. Zaidi ya hayo, fosforasi ikizidi katika udongo wenye zinki haba huizidisha njaa ya zinki katika mmea. Kwa hiyo mfuko unaotolewa bila kuupima udongo unaweza kuuongeza ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1982 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha uchunguzi wa mtaalamu wa Finland, Mikko Sillanpää, kuhusu virutubisho vidogo katika udongo wa nchi 30. Tanzania ilikuwa mojawapo. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba upungufu wa virutubisho hivyo umeenea duniani kuliko ilivyodhaniwa, hasa wa zinki na boroni, na kwamba mara nyingi umejificha: jani halionyeshi dalili machoni, ila mavuno hupungua mwaka hadi mwaka na mkulima hulaumiwa kwa uvivu.

Katika miaka hiyohiyo, Finland yenyewe haikungoja kushauriwa. Udongo wake una seleni haba. Mwaka 1984 iliamua kwamba seleni ichanganywe katika mbolea za mchanganyiko zinazotumika nchini, ili ipite katika nafaka na majani, iingie katika maziwa na nyama, na hatimaye ifike katika miili ya wananchi. Kiwango cha seleni katika damu za Wafini kilipanda. Uturuki nayo, katika miaka ya 1990, ilitambua kwamba ngano ya uwanda wa Anatolia ya Kati ilikuwa ikididimia kwa kukosa zinki. Watafiti, akiwamo Ismail Cakmak, waliithibitisha habari hiyo mashambani, na mbolea zenye zinki zikaenea miongoni mwa wakulima. Nchi hizo mbili hazikupata muujiza. Zilichofanya ni kuupima udongo, kuukubali ukweli uliopatikana, na kutoa amri.

Na Tanzania? Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa walikuwa zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa walikuwa karibu nusu. Hiyo ndiyo mikoa ya mahindi, ghala la taifa. Udumavu una sababu nyingi: maradhi, maji machafu, umaskini, mama kukosa nafasi ya kumlisha mtoto kwa wakati, mlo wa aina moja. Atakayesema kwamba unatokana na udongo peke yake atakuwa anawapotosha wananchi. Lakini zinki ni kirutubisho ambacho mtoto hawezi kukua vizuri bila hicho, wala kupambana na kuhara. Ndiyo maana mtoto anayeharisha hupewa vidonge vya zinki katika zahanati. Zinki ya mtoto anayekula ugali mchana na usiku haina mahali pengine pa kutoka ila katika udongo ulioliotesha hindi lile. Ghala linaweza kujaa na tumbo likashiba, mwili ukabaki na njaa. Mwalimu anayemwona darasani mtoto mfupi kuliko umri wake anapaswa kujua kwamba habari za shamba nazo zimo katika kimo kile.

CHUMVI INAYOPOTEA

Wako watakaojibu kwamba dawa ni rahisi: itiwe chumvi ya zinki katika mbolea, mambo yaishe. Ni kweli kwamba hatua hiyo ni bora kuliko kukaa kimya, na Minjingu, mkoani Manyara, pamekuwa pakitengenezwa mbolea iliyoongezwa zinki, shaba na boroni. Hata hivyo mambo hayaishi hapo.

Salfeti ya zinki huyeyuka mara inapopata maji. Katika udongo wenye chokaa au magadi, zinki hiyo hunaswa na kugeuka kitu ambacho mzizi hauwezi kukitumia. Katika udongo mwekundu wenye kutu ya chuma hushikwa na chembe za udongo. Katika majaruba ya mpunga yaliyofurika maji, upatikanaji wake hupungua vilevile. Boroni ina tabia nyingine. Katika udongo wa kichanga huchukuliwa na mvua ikazama chini ya mizizi. Tena umbali kati ya kipimo cha boroni kinachotosha na kipimo kinachodhuru ni mfupi mno. Ikitiwa yote kwa mara moja, mche unaweza kuungua katika wiki za kwanza, kisha mmea ukaona njaa ya kitu kilekile wakati wa kutoa maua. Matokeo yake ni kwamba katika kila sehemu mia za kirutubisho kidogo kinachotiwa ardhini, zao la msimu ule mara nyingi hupata sehemu chache tu. Nyingine hulala udongoni katika hali isiyofaa, au huenda mtoni.

Huu ni ubadhirifu, ingawa haukaguliwi na mkaguzi yeyote wa hesabu. Ofisa akipoteza fedha za ofisi huitwa kujieleza. Fedha hizohizo zikiyeyuka katika udongo kwa sababu mbolea haikulingana na mahali ilipotiwa, hakuna anayeitwa.

KOTI LA MBOLEA

Njia mojawapo ya kuuziba mwanya huo ni kuifanya mbolea itoke polepole, kama mama mwenye busara anavyomlisha mtoto mgonjwa: kidogo kidogo, mara kwa mara, bila kumlazimisha kumaliza bakuli zima kwa mkupuo. Wazo hilo lina historia ndefu. Katika miaka ya 1960 Tennessee Valley Authority, ambalo ni shirika la umma la Marekani, lilibuni namna ya kuifunika punje ya urea kwa salfa ili isiyeyuke yote mara moja. Yafaa kukumbuka kwamba hata katika nchi ile inayosifu mtaji wa mtu binafsi kuliko nchi nyingine, kazi hiyo ilifanywa kwa fedha za umma.

Baadaye yakaja makoti ya plastiki. Viwanda vikafurahi, lakini ardhi haikufurahi. Koti la plastiki likishatoa mbolea yake hubaki ardhini likiwa ganda tupu. Huko Japani maganda hayo yametoka katika mashamba ya mpunga, yakapita mitoni, yakaokotwa katika fukwe za bahari. Mwaka 2022 ushirika mkuu wa wakulima na vyama vya wenye viwanda vya mbolea vya nchi hiyo vilitangaza lengo la kuachana nayo ifikapo mwaka 2030. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake ya mbolea ya mwaka 2019, uliweka tarehe 16 Julai 2026 kuwa mwisho wa kutumia polima zisizooza kufunika mbolea zinazobeba alama ya soko lake. Mataifa yenye viwanda, baada ya kuichafua ardhi yake, yanatafuta koti jingine.

Koti hilo jingine ni biopolima. Polima ni kitu kilichofumwa kwa minyororo mirefu ya chembe ndogo zinazojirudia, mfano wa shanga katika uzi. Plastiki ni polima ya kiwandani. Biopolima ni polima iliyofumwa na kiumbe hai: wanga wa muhogo, selulosi ya mkonge, lignini ya mti, kitosani inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, aljineti ya mwani wa rangi ya kahawia, karagini ya mwani mwekundu. Vijidudu vya udongoni vinavijua vitu hivyo, huvila na kuvimaliza, wala havibaki kuwa maganda.

Namna vinavyofanya kazi si uchawi. Myeyusho wa aljineti ukidondoshwa tone kwa tone katika maji yenye chumvi ya kalisi, kila tone huganda papo hapo likawa punje laini mfano wa kunde. Zinki yenyewe inaweza kufanya kazi hiyo ya kugandisha. Maana yake ni kwamba kirutubisho hakikai tu ndani ya koti, kinakuwa vifungo vya koti lenyewe. Kitosani huyeyuka katika asidi dhaifu kama siki, na katika minyororo yake mna sehemu zinazoishika zinki na shaba barabara. Punje za namna hiyo zikizikwa karibu na mbegu huvimba kwa maji ya udongo, na kirutubisho hupenya nje kwa kiasi. Mzizi hutoa asidi zake na kuchukua fungu lake. Vijidudu huila punje kidogo kidogo na kuachia kilichobaki. Kinachotafutwa ni kwamba fungu la wiki ya nane lisiwe limekwisha katika wiki ya kwanza.

Hapa kuna jambo ambalo wanaopinga kwa hoja ya gharama hawalitazami. Kuifunika naitrojeni yote ya taifa kwa biopolima kungekuwa mzigo mzito. Lakini virutubisho vidogo ni kilo chache kwa hekta, na vingine vinaweza kupakwa juu ya mbegu yenyewe. Palipo na kipimo kidogo ndipo koti lenye gharama linapoweza kulipa. Mwenye kuanza na virutubisho vidogo ameanza mahali pafaapo.

MIRIJA

Likishaeleweka hilo, swali linalobaki ni la siasa: biopolima hizo zitatoka wapi, na nani atakayezitengeneza?

Zanzibar ilianza kilimo cha mwani cha biashara mwaka 1989, huko Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, na njia ilikuwa imetayarishwa na utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu wakati huo wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, wamekuwa wakiteremka pwani maji ya bamvua yanapokupwa, wakifunga vipande vya mwani katika kamba, wakiinama kwa saa nyingi katika maji ya chumvi chini ya jua la utosi. Huuvuna, huuanika, hutia magunia. Na kwa miaka mingi gunia hilo limepanda meli likiwa na mwani mkavu vilevile ulivyotoka pwani. Ndani ya mwani ule mna karagini. Viwanda vya ng'ambo huitoa, huisaga, na kuiuza kwa watengenezaji wa vyakula, dawa za meno na vitu vingine vingi, kwa bei ambayo mama wa Jambiani hawezi kuifananisha na aliyolipwa.

Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa katika maji yaliyopata joto. Unaostahimili zaidi ni ule wa spinosamu, na huo ndio wenye bei duni. Lakini karagini ya spinosamu huganda ikutanapo na kalisi, na ile ya kotonii huganda ikutanapo na potasi. Kalisi na potasi zote ni vyakula vya mmea. Watafiti wa nchi mbalimbali wamekwisha kuijaribu karagini katika punje za kutoa mbolea polepole. Kwa maneno mengine, mwani unaodharauliwa sokoni una nyuzi ambazo sayansi ya mbolea inazitazama kwa makini.

Mambo yakiachwa yaende yalivyo, mwisho wake unaonekana. Mwani utasafiri ukiwa malighafi, utarudi ukiwa koti la mbolea ndani ya mfuko wenye picha nzuri, na mkulima wa Mbozi atalipa nauli ya kwenda na ya kurudi ya kitu kilichotoka katika pwani ya nchi yake. Huo ndio mrija. Mirija haikatwi kwa kulaaniwa majukwaani. Hukatwa kwa kujifunza kazi ambayo mwenye mrija anaifanya, na kuifanya.

Ujenzi wa kiwanda cha mwani huko Chamanangwe, Pemba, umeonyesha kwamba jambo hili limeanza kufahamika. Lakini kiwanda kinachosaga unga wa kuuza nje, bila ya wizara za kilimo za pande zote mbili za Muungano kuuliza unga huo unaweza kufanya kazi gani shambani, kitakuwa nusu ya safari. Mwani uko Unguja na Pemba. Mahindi yenye njaa ya zinki yako Bara. Kinachovitenganisha ni ukuta wa ofisi, maana bahari imekwisha kuvukwa siku nyingi. Wala mwani hauko peke yake. Katika jani la mkonge, sehemu inayogeuka nyuzi haifiki asilimia 5. Zilizobaki hutupwa au huozeshwa, na ndani yake mna selulosi. Maganda ya kamba hutupwa yakanuka. Maganda na makapi ya muhogo hutupwa vilevile. Haifai muhogo wa chakula ugeuzwe koti la mbolea penye watu wenye njaa. Lakini makapi hayana mlaji anayeyagombania.

Somo la Tanga lingali hai kwa wenye kumbukumbu. Kiwanda cha mbolea kilichoanza uzalishaji huko mwaka 1972 kilijengwa kwa nia njema, lakini malighafi yake nyingi ilikuja kwa meli. Mwaka 1991 kilifungwa. Kiwanda ambacho tumbo lake liko ng'ambo hulala njaa siku meli isipofika. Karakana ya punje za virutubisho vidogo ni jambo jingine: ni ndogo, koti lake linapatikana nyumbani, na hata kama zinki itaendelea kununuliwa nje, itakuwa mzigo mdogo mbele ya shehena za urea.

POROJO MBILI

Zipo porojo mbili zinazopaswa kukataliwa. Ya kwanza ni ya wale wanaosema kwamba mambo haya ni anasa ya maabara, na kwamba mkulima wa jembe la mkono anatosheka na samadi. Samadi ni kitu chema. Ina virutubisho vidogo, na ina asidi za asili zinazovishika visipotee. Kwa hakika biopolima ni ndugu yake samadi. Lakini ng'ombe aliyelishwa nyasi za udongo usio na zinki hawezi kutoa samadi yenye zinki ya kutosha, na samadi iliyopo haienei mashamba yote. Anayemwambia mkulima kwamba sayansi haimhusu anamdharau, ingawa dharau hiyo imevaa kanzu ya huruma.

Porojo ya pili ni ya wauzaji, na ya mashabiki wao walioko maofisini, ambao kila kitu kipya kwao ni mkombozi. Ukweli ni kwamba majaribio mengi yaliyochapishwa kuhusu biopolima na virutubisho vidogo yamefanyika katika maabara na katika vyungu, si katika shamba linalopigwa na masika. Wanga mtupu huyeyuka mapema. Karagini peke yake huvimba na kulegea kabla ya wakati isipochanganywa na mfinyanzi au polima nyingine. Kitosani inayolegea katika udongo wenye asidi haina tabia hiyo katika udongo wa magadi. Baadhi ya vitu vinavyoitwa vya asili vimepandikizwa polima za kiwandani ambazo haziozi upesi, na neno zuri lililoandikwa juu ya mfuko halizigeuzi. Koti ambalo halijapimwa katika udongo wa mahali linapotumika lisikubaliwe, hata kama limetengenezwa nyumbani. Uzalendo haumpi mtu kibali cha kumuuzia mkulima kitu kisichofanya kazi.

Porojo hizo mbili, ingawa zinagombana, zina mama mmoja: uvivu wa kupima. Wa kwanza hataki kujaribu kwa sababu ameshaamua kwamba haiwezekani. Wa pili hataki kujaribu kwa sababu ameshaamua kwamba imewezekana. Baina yao mkulima anaachwa peke yake na fedha zake chache.

WAJIBU

Yapasayo kufanywa yanajulikana, na mengi yake hayahitaji mfadhili.

Kwanza, udongo upimwe. Kituo cha Mlingano, Tanga, kimekuwa kituo cha taifa cha utafiti wa udongo kwa miongo mingi. Vipimo vya zinki na boroni viingizwe katika kila upimaji wa udongo unaogharimiwa na umma, na majibu yabandikwe katika ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, ili mkulima ayaone. Ofisa anayegawa mbolea bila kuujua udongo wa wilaya yake ni kama mganga wa zahanati anayegawa vidonge kwa kuhesabu vichwa.

Pili, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar zipewe kazi moja kwa pamoja. Wataalamu wa bahari watengeneze punje. Wataalamu wa udongo wazizike katika mashamba ya mahindi ya Uyole na ya mpunga ya Dakawa, msimu baada ya msimu, pembeni mwa chumvi ya kawaida ya zinki. Kipimo kisiwe mavuno peke yake. Nafaka nayo ipimwe zinki yake, kwa kuwa mwisho wa safari ni mtoto na si gunia. Matokeo yatangazwe hata kama ni mabaya. Matokeo mabaya yaliyotangazwa huokoa fedha nyingi kuliko mazuri yaliyopikwa.

Tatu, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania na Shirika la Viwango viweke masharti kabla mifuko haijamiminika. Anayeuza mbolea ya kutoka polepole aonyeshe hutoka kwa siku ngapi, katika udongo gani, na koti lake linaoza baada ya muda gani. Nchi iliyochelewa kuweka masharti hugeuka jalala la makoti ya plastiki yaliyokataliwa kwingine.

Nne, mkulima wa mwani asisahauliwe mwishoni mwa hesabu. Ikiwa karagini itapata kazi mpya, bei ya spinosamu iangaliwe upya, na vikundi vya wanawake wa pwani viwe na sehemu katika karakana tangu mwanzo. Kuukata mrija wa mgeni na kuuweka wa mwenyeji mahali pake ni kumbadilisha kupe tu.

Tano, walimu. Somo hili lina kemia, baiolojia, jiografia na uraia kwa pamoja, na vifaa vyake ni vya bei ndogo. Darasa linaweza kupanda mahindi katika makopo mawili ya mchanga, moja likatiwa mbolea yote siku moja, jingine likatiwa kiasi kilekile kwa mafungu madogo, kisha yote yakamwagiwa maji mengi kama ya masika. Mwanafunzi aliyejionea mwenyewe tofauti, au aliyejionea kwamba haikutokea na akauliza kwa nini, atakapokuwa bwana shamba au bibi shamba hatakubali kuandika idadi ya mifuko na kwenda nyumbani.

Taarifa za msimu zitaendelea kuandikwa, na tani zitaendelea kuhesabiwa. Hakuna anayesema zisihesabiwe. Lakini pembeni mwa safu ya tani iongezwe safu moja: udongo wa wilaya hii unakosa nini, na kilichotiwa kimefika kwenye mmea kwa kiasi gani. Ofisa atakayeijaza safu hiyo atalazimika kutoka ofisini, kulivaa tope na kumuuliza mkulima. Atakayeshindwa kuijaza atakuwa amejieleza mwenyewe, pasipo kuitwa na mkaguzi.